Mama Yangu na Mzee Wangu Katika Njia Moja ya Nzaui

Tulikuwa wanne. Mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Tulia. Mimi, binti yake wa pili, niliyeolewa upande wa Kathonzweni. Mzee wangu, yaani mume wangu, ambaye siku hizo hakuwa mzee, ila alikuwa ameanza kujizoesha. Na wifi yangu, dada ya mume wangu, ambaye mdomo wake haujapumzika tangu abatizwe. Majina yao yote ninayo, hata la mbwa aliyetufuata mpaka mtoni tukamfukuza arudi nyumbani. Lakini wajukuu walioninunulia daftari hili wamesema nisiandike jina la mtu, basi siandiki.

Ilikuwa miaka ya sabini, tumeshamaliza kuvuna ndengu. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na lile la kulia lilikuwa karibu kufunga kabisa. Sasa, baba yake mama alipokuwa kijana alikwenda kutafuta kazi mbali, akarudi akisema ameona mlima wenye kichwa cheupe, na kwamba ule weupe ni maji yaliyoganda. Mama alikuwa msichana tu. Alicheka mbele ya wageni, akasema labda ni ndege walikuwa wamekunya huko juu. Wageni wakacheka pia. Babu hakuutaja tena mlima huo mpaka akafa.

Neno hilo lilimkaa mama miaka yote. Alikuja kwangu kwa sababu alisikia kwamba asubuhi isiyo na wingu, ukisimama juu ya kilima cha Nzaui, Kilimanjaro unauona.

"Nataka nijue nilimcheka mtu mkweli au mwongo," akaniambia. "Na nijue kabla hili jicho halijafunga duka."

Shida ilikuwa moja. Aliyejua njia za msitu wa kilima kile ni mzee wangu, maana alikuwa na mizinga ya nyuki huko. Na kwetu Wakamba mwanamume na mama ya mke wake wana haya yao, tunaiita nthoni. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja anaingia kichaka chake. Ni kweli tulikuwa tumeokoka, na pasta alishasema mambo hayo ni ya zamani. Mama alisema pasta aanze yeye, atuonyeshe akila ugali na mama mkwe wake, halafu sisi tutafuata.

Basi tukapanga hivi. Mzee wangu atangulie mbali, asionekane. Kila njia inapogawanyika aweke tawi kavu kuifunga ile isiyo yetu. Tawi bichi askari wa msitu hakutaka likatwe.

Tukaondoka mapambazuko. Mle msituni kulikuwa na baridi na umande, na njia ilikuwa ya mbuzi mmoja. Wifi alisema tangu azaliwe hajaona watu wakipanda kilima bila ng'ombe aliyepotea. Akauliza tukikutana na mtu tutamwambia tunaenda wapi. Nikamwambia aseme tunaenda kuomba. Akasema yeye hadanganyi akiwa na njaa, tukae kwanza tule ile muthokoi tuliyobeba, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Mama alikataa kukaa. Alitembea mbele yetu na fimbo yake, akisema akimfuata wifi nyuma, huko nyuma kwa wifi kutamziba hata ule mwanga kidogo uliobaki.

Hapo ndipo tulipokosea, kumwacha mama mbele. Yeye macho hayakuona vizuri, lakini mguu wa mwanamke wa Ukambani ukigusa kuni kavu unajua. Akigusa tawi, anainama, analiokota, anaweka kwapani. Mimi nilimwona. Wifi alimwona. Tukasifu tu, kwamba mama hata na macho yale hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Alikuwa ameshabeba matawi matatu wakati wifi aliposimama akauliza mbona kaka yake hajaweka alama hata moja.

Tukatazamana. Kisha tukatazama kwapani kwa mama.

Tulikuwa tumeshapotea vizuri sana. Njia tuliyoishika ilizunguka kilima ikatuleta chini ya jiwe kubwa, la kupita urefu wa mtu, na juu yake ndiko kileleni. Wingu lilikuwa limeanza kutoka upande wa mashariki. Wifi akaita kaka yake kwa sauti ya kuamsha nyuki wote. Alikuwa ametungojea upande ule mwingine, akaja mbio akidhani kuna mtu ameumwa na nyoka, akateremka kwenye jiwe, akajikuta uso kwa uso na mama mkwe wake.

Sijawahi kuona mtu mzima akiruka vile. Aliingia kichaka cha miiba bila kuchagua. Mama naye akajifunika leso kichwa chote. Mmoja kichakani, mmoja ndani ya leso, na wingu linatembea. Mimi na wifi tulijaribu kumsukuma mama juu ya lile jiwe, akateleza mara mbili, na wifi kwa kicheko hakuwa na nguvu hata ya kuinua kikombe.

Mama akasema kutoka ndani ya leso, "Mwambieni huyo aliye kwenye miiba, wingu halina mkwe."

Halafu mzee wangu akatoka kinyumenyume, suruali imechanika, akapanda jiwe bila kugeuka. Akanyoosha fimbo nyuma yake. Mama akashika ncha, sisi tukasukuma, yeye akavuta akitazama mbele. Hivyo mama akafika.

Huko juu mzee wangu alisimama akaongea na mti, maana na mama hangeweza.

"Wewe mti," akasema, "geuka kushoto kidogo. Tena kidogo. Sasa inua macho juu ya vile vilima vya Chyulu."

Mama alitoa leso usoni, akageuka kama mti ulivyoambiwa.

"Ni mweupe," akasema. "Baba, ulisema kweli."

Aliporudi Tulia kitu cha kwanza alichofanya ni kupalilia kaburi la baba yake, na hakuniambia alisema nini pale.

Wifi mpaka leo anasema mama aliona wingu. Mzee wangu anasema wingu lilikuwa halijafika, na kwamba mlima ulikuwa wazi kama sahani. Mimi siwezi kuwaamua, kwa sababu sikutazama huko. Nilikuwa nikimtazama mama. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama ulisikia kwa njia nyingine, au kama matawi yalikuwa manne, njoo uniambie, kalamu ninayo. Na wewe wifi, najua utasomewa hii. Habari ya matawi nirekebishe utakavyo. Habari ya wingu, kaa nayo.