Upande wa Pili wa Santuri

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa mahakama, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kusimama mbele ya watu na kusema neno moja: "Kimya!" Jina likamganda kama kupe. Hata baada ya kustaafu mtaa mzima ulimwita Mzee Kimya, na yeye hakuona kosa.

Alikuwa na santuri arobaini na tatu. Kila Jumamosi saa kumi kamili aliwaalika majirani sebuleni kwake wazisikilize, maana, alisema, kizuri kula na nduguyo. Ila huyo ndugu alikula kwa masharti. Hakuna kuzungumza. Hakuna kupiga makofi. Hakuna kumfuatisha mwimbaji, kwa kuwa mwimbaji hakuomba msaada. Kukohoa kuliruhusiwa kati ya wimbo na wimbo. Muuza nyama wa kona, mtu ambaye mwili wake haukujua kutulia, aliwahi kutikisa bega, akaombwa akalitikisie barazani.

Watu walikuja hivyo hivyo. Walikaa mikono magotini kama wanaosubiri hukumu. Mzee Kimya aliifuta santuri kwa kitambaa laini, akashusha sindano, akafumba macho. Kila moja aliipiga upande mmoja tu.

"Wimbo mzuri huwekwa mbele," alieleza. "Nyuma ni wa kujazia."

Mkewe, fundi cherehani, hakukaa nao. Alibaki chumba cha pili akishona.

Basi macho ya mzee yakaanza kufifia, akapimwa, akakutwa na mtoto wa jicho. Siku ya kwenda kulazwa alimwagiza mkewe: "Jumamosi waambie kikao kimeahirishwa."

"Nitawaambia."

Aliwaambia kweli. Kisha akawaambia waingie.

Daktari naye, alipoona kidonda cha upasuaji kinaendelea vizuri, akamruhusu mgonjwa siku moja kabla ya ile iliyopangwa. Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi na nusu, Mzee Kimya alishuka kwenye teksi na bandeji jichoni. Tangu getini alisikia wimbo asioujua, akadhani unatoka nyumba ya jirani, akamlaumu huyo jirani. Alipofika mlangoni kwake alihesabu, kwa jicho moja, watu kumi na wanne, wote wamesimama. Viti vimesukumwa ukutani. Muuza nyama anacheza na mwalimu mstaafu, mama wa watu anayeogopwa hata na wajukuu zake. Na mkewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, amesimama kando ya gramafoni akiimba neno kwa neno.

"Kimya!"

Watu wakaganda. Muuza nyama alibaki na mguu mmoja hewani. Santuri, ambayo haikuwahi kufika mahakamani, iliendelea.

"Pole na safari, mzee," mkewe alisema. "Sogea kidogo, umeziba mlango. Hewa haiingii."

"Huu wimbo wa nani?"

"Wako."

"Mimi sina wimbo huu."

"Unao tangu mwaka tuliooana. Uko nyuma ya ule unaoufumbia macho."

Mzee aliinama kuitazama santuri ikizunguka. "Wewe umeujulia wapi?"

"Ukienda kazini nilikuwa nageuza. Zote arobaini na tatu. Wewe jioni unapiga mbele, mimi mchana nashona napiga nyuma. Nikadhani unajua. Hukujiuliza kwa nini sindano zinaisha upesi?"

"Nilidhani fundi wa gramafoni ananiuzia mbovu."

"Ndiyo maana umemgombeza maskini ya Mungu miaka yote hiyo."

Mwalimu mstaafu akakohoa, ingawa wimbo ulikuwa haujaisha.

Mzee Kimya akavuta kiti, akaketi. Kilichomchoma hakikuwa zile kelele. Ni kwamba mkewe aliyajua maneno yote, na alikuwa amejifunza peke yake, ukuta mmoja tu kutoka kwenye kiti chake yeye.

"Rudisheni mwanzo," alisema hatimaye. "Nilikuwa njiani."

Wakarudisha. Muuza nyama akashusha mguu, taratibu, akingoja kukatazwa. Hakukatazwa.

Siku hizi kikao kina sehemu mbili. Kabla ya chai ni zamu ya mzee, na watu hukaa. Baada ya chai ni zamu ya mkewe, na viti huondolewa. Mzee hachezi. Huonekana akisukuma kiti hiki na kile, na ukimwambia amekwenda na mdundo atakana mchana kweupe.

Mwezi uliopita mke wa muuza nyama alivunjika mguu, akawa hawezi kutoka. Mumewe akaja kuomba aazimwe santuri mbili tatu. Hakuna santuri iliyowahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Mzee alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshaanza kuzichagua.

"Haziazimwi," mzee alisema. "Tunakuja nazo."

Wakatoka mchana ule, yeye amekumbatia gramafoni kama mtoto mchanga, mkewe na santuri ndani ya foronya, wakibishana barabara nzima ni nani kati yao aliyebeba kilicho chepesi kuvunjika.