Vyungu Viwili vya Musoki

Musoki aliuza vitenge katika soko la Nyakasanza, mjini Bunia, na kila aliyemjua angekuapia kwamba mama huyu hana ubaguzi. Alitoka Butembo zamani na marehemu mumewe, akavipita vita vya Bunia akiwa chini ya kitanda, na bunduki ziliponyamaza akafungua tena meza yake. Kanisani aliimba sauti ya kwanza katika nyimbo za upendo. Mwanawe Yannick alipomleta Falone, binti wa wale, hakupinga. Alilia kidogo chumbani, akajifuta, akatoka kumpokea mkwe wake.

Wale ni akina nani? Sikutajii. Miaka hiyo ilikuwa ya amani ya kulala na viatu karibu na kitanda, na Bunia watu hawakutaja kabila kwa sauti. Walisema "wale" na kuelekeza kidevu upande fulani. Kama wewe ni wa hapa umeshaanza kukisia, na mimi sitakusaidia.

Sasa, kwetu anayekupa chakula au kinywaji huonja kwanza mbele yako. Ni heshima, na ni woga pia, maana karuho, sumu anayotegewa mtu chakulani, inaogopwa kuliko risasi. Falone alionja kila alichompa mama mkwe wake. Musoki naye alingoja, macho kwenye koo la yule binti, mpaka aone tonge limeshuka. Ungemuuliza angekuambia ni desturi tu. Lakini Kavira, mdogo wake wa tumbo moja, alipompa chakula, Musoki alikuwa ameshatafuna kabla mwenye chungu hajakaa. Tofauti hiyo hakuiona kamwe.

Siku yenyewe alipita asubuhi kwa Kavira, ambako kulikuwa na matanga ya baba mkwe wa mdogo wake huyo. Wakamkatia samaki wa Kasenyi, kule ziwani, aliyelala chunguni tangu jana, akamla mpaka akanyonya mifupa. Mchana alirudi kwake akakuta Falone amepika maharagwe. Falone akaonja, Musoki akangoja, kisha akala. Walikuwa wawili tu nyumbani, kwani Yannick alikuwa amekwenda Mahagi kufuata bidhaa.

Kabla jua halijapoa, tumbo likamkamata. Alitapika mpaka miguu ikaisha nguvu, akajilaza kwenye mkeka, jasho la baridi likimtoka. Hofu ikamwingia, hofu ile inayokausha mate. Mawazo yake hayakuzunguka popote. Yalikwenda moja kwa moja kwenye maharagwe. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Nimemwingiza nyoka nyumbani kwa mikono yangu.

Falone akaja na kikombe cha maziwa ya moto, akapiga magoti kando ya mkeka. Akanywa funda moja, akakisogeza.

"Mama, kunywa ata kidogo. Ona, nimeonja."

Musoki akabana meno. Yule binti akanywa funda la pili, machozi yakimlengalenga. Meno hayakufunguka.

Falone alipotoka kuchota maji, jirani yao Domitille, mwanamke ambaye masikio yake hayajawahi kulala, akaingia bila hodi.

"Mama Yannick! Weye ulikula wapi?"

"Hapa. Ni Falone njo alinipikia."

"Karuho!"

Musoki hakusema ndiyo. Alifumba macho tu, na Domitille hakuhitaji zaidi. Akatoka mbio, na sauti yake ikasikika barabara nzima: "Bale banamulisha Mama Yannick karuho!"

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Athanase, mume wa Kavira, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, uko muzima? Kavira anatapika, batoto bote banatapika. Ile samaki iliharibika. Siye bote tuko ku lopitalo, kwa daktari. Weye uliikula?"

Musoki alibaki na simu sikioni. Samaki! Siku hiyo alikuwa amekula kutoka vyungu viwili, na tangu tumbo lilipomkamata ni kimoja tu kilichomjia akilini. Si kwamba alikifikiria kile cha Kavira akakiondolea shaka, hakikuwapo kabisa. Aliitafuta chuki moyoni mwake asiione, na hilo ndilo lililomtisha. Kumbe kitu hicho kilikuwa kikila naye, kikiimba naye kwaya, kikimngojesha kila tonge, wala hakikuwahi kumwomba ruhusa. Aliona aibu mpaka akasahau tumbo.

Kisha akasikia filimbi. Filimbi, halafu mabati yakigongwa. Wakati wa vita watu wa mtaa waliitana hivyo wezi na wauaji walipokuja. Sasa sauti zilikuwa zikisogea kwenye lango lake. Mwaka uliotangulia, upande wa pili wa soko, kelele kama hizo ziliishia kwa nyumba kuteketea, na mwenyewe hakuonekana tena. Alasiri yote Musoki alikuwa ameogopa kufa. Sasa aliogopa kuua.

Akajishikiza ukutani, akatoka. Falone alikuwa ameganda karibu na mafiga, ndoo mkononi. Hakukimbia, angekimbilia wapi? Vijana wenye mapanga walikuwa wameshajaa uani, na mbele yao Lambert, mwana wa Domitille, ambaye Musoki alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga. Alikuwa na nondo.

"Mama, ondoka hapo. Siye tunakuja kukusaidia."

"Kunisaidia nini? Ni samaki! Samaki ya kwa Kavira iliharibika, bote banaumwa kule. Falone hakufanya kitu!"

"Anamuogopa, njo maana anasema vile," akasema mtu wa nyuma. "Banamufunga kinywa."

Nani angemwamini mwanamke mgonjwa? Neno lililotoka kinywani mwake lilikuwa limeshaota miguu, na sasa halikutaka kurudi. Musoki akatazama chungu cha maharagwe kilichokuwa bado kwenye mafiga.

"Falone, nipakulie."

Falone akapakua. Na kwa mazoea, Mungu wangu, mbele ya nondo na mapanga, yule binti akainua kijiko ili aonje kwanza.

Musoki akamshika mkono.

"Hapana, mutoto yangu. Leo miye njo naanza."

Sitakudanganya kwamba alikuwa jasiri. Alijua vizuri kwamba ni samaki, na bado mkono wake ulikataa. Kijiko kilisimama mbele ya mdomo, na ndani ya moyo wake kitu cha zamani kikapiga kelele: wale, wale. Kila mtu aliona anavyosita. Kisha akala. Akala tena, tumbo likimpinda, akameza maharagwe pamoja na machozi, akamnyooshea Lambert sahani.

"Kama iko sumu, tukufe bote. Kula."

Lambert hakula. Aliitazama sahani, akamtazama mama aliyembeba, na nondo ikashuka. Nyuma yake watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kama waliokumbuka shughuli. Domitille alikuwa ameshajifungia ndani.

Lango lilipofungwa, Falone alikaa chini kando ya mafiga. Hakulia. Aliuliza bila kumtazama mama mkwe wake:

"Mama, nani alibaambia?"

Hapo Musoki aliogopa kuliko alipoiona nondo. Jina la Domitille lilikuwa tayari kwenye ulimi, na wala lisingekuwa uongo mtupu.

"Ni miye," alisema.

 Falone akainuka, akamwaga yale maziwa yaliyopoa, akachemsha mengine. Safari hii alimletea Musoki kikombe bila kuonja.

Musoki akakipokea kwa mikono miwili. Macho yake yakaruka yenyewe kwenye koo la yule binti, kama yalivyozoea. Falone aliyaona, akangoja. Musoki akayashusha kwenye kikombe, akanywa.