Mlango wa Bibi

Kila kipupwe kilipoanza, baba aliingia kwenye mikoko nyuma ya nyumba yetu kukata miti ya kukarabatia kuta. Mwaka ule, enzi za Mwingereza, bwana msitu mpya alikataza kukata hata ufito bila ruhusa.

Ndipo bibi akafariki. Baba akamwendea bwana msitu kumwomba miti ya kufunikia mwanandani, ule upenyo wa kulaza maiti ndani ya kaburi, udongo usimwangukie.

“Msubiri Mzungu arudi kutoka Mohoro,” bwana msitu akamjibu, “ruhusa hutoa yeye.”

Maiti gani husubiri Mzungu? Baba alirudi nyumbani, akang'oa mlango wetu, akazitenganisha mbao zake, tukamzika bibi alasiri ile ile.

Hasira haijanitoka hadi leo. Kipupwe kizima upepo uliingia kwetu bila hodi, ukitokea kwenye mikoko ile ile.