Mgonjwa Hapikii Mtu

Pale Itumbe hakuna aliyethubutu kumfundisha Tryphosa Bitutu habari za chai. Mumewe alimwachia shamba dogo na mtoto mmoja, Duke, na shamba hilo ndilo lililomsomesha Duke mpaka akapata kazi Kisii mjini. Lakini chai haina huruma. Usipoichuma kwa wakati hukomaa, na majani yaliyokomaa hayapokelewi kwenye kituo cha kupimia chai, hata ulie.

Ndiyo maana yeye na majirani zake walikuwa na egesangio yao: leo wanachuma kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anawapikia wote. Siku moja Bitutu akawaletea sheria mpya. Mwenzao akiugua, kwake patachumwa kwanza, majani yapimwe kwa jina lake, na akipona asidaiwe kulipa siku hizo.

"Mama Duke, unatuitia magonjwa!" Esnah, jirani yake, alimfokea.

"Ugonjwa hauitwi, Esnah. Unakuja wenyewe, na haubishi hodi. Tena mgonjwa hapikii mtu. Wachumaji waje na chakula chao."

Wakanung'unika, wakakubali. Na nani alikuwa wa kwanza kuifaidi sheria hiyo? Esnah huyo huyo, alipojifungua kwa upasuaji. Bitutu alichuma kwake mpaka mtoto akaweza kukaa, wala hakumkumbusha maneno yake. Alijua anachokiweka. Akiba haiozi.

Kisha zamu ikamfikia yeye. Alitolewa uvimbe tumboni, akarudishwa nyumbani na onyo la daktari: asiiname wala kuinua kitu, kidonda kisije kikafumuka. Na mvua ilikuwa imenyesha vizuri, chai ikichipua kwa fujo.

Asubuhi wenzake walipoingia shambani, Bitutu alisikia vicheko vyao akaona aibu. Tangu aolewe, hakuna mtu aliyewahi kumfanyia kazi akaondoka na njaa. Basi akajikokota hadi jikoni, akabandika sufuria kubwa, akaushika mwiko. Jamani, kiburi cha mama huyu! Aliposonga ugali mara ya kwanza tu, tumbo likamvuta hadi akaegemea ukuta.

Esnah alikuja kuchota maji ya kunywa, akamkuta hivyo. Akampokonya mwiko.

"Si ni wewe ulitengeneza hii sheria?"

"Ni mimi. Lakini nilitengenezea wagonjwa."

"Na wewe ni nini, daktari?"

Bitutu akaangua kicheko, kicheko kikamuuma, machozi yakamtoka. Akakubali kushikwa mkono na kurudishwa kitandani.

Mchana Esnah akamletea ugali wa wimbi na chinsaga, mboga zile chungu, kutoka kwake nyumbani. Bitutu alikula dirisha likiwa wazi, akitazama vikapu vikijaa. Jioni jina lake lingeitwa kituoni kama kawaida, naye yuko kitandani. Kifua kikamjaa fahari. Hakuwa ameomba msaada wa mtu. Alikuwa anakula jasho lake mwenyewe, lile alilolimwaga kwenye mashamba ya wenzake akiwa mzima.

"Esnah!" akaita kupitia dirishani. "Mboga hazina chumvi! Na mchume majani mawili na chipukizi, si matatu!"

"Lala, mama!" shamba zima likamjibu.

Bitutu akalala. Nje, chai yake iliendelea kuchumwa.