Kumpimia Kunguru Mwanga

Kilichoninyima usingizi Julai ile ni swali ambalo nisingethubutu kumweleza mtu: kunguru apimiwe mwanga kwa weusi wake au kwa weupe wake? Kunguru wa Nairobi ana mwili mweusi na kifua cheupe, kama mtu aliyevaa fulana ndani ya koti. Ukimpa mwanga wa kuonyesha manyoya meusi, kifua kinaungua na kubaki karatasi tupu. Ukiokoa kifua, kichwa kinakuwa bonge la makaa lisilo na jicho. Hayo yote niliyajua. Nisichojua ni nichague nini.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na nilikuwa nikiishi kwa dada yangu mkubwa, katika ghorofa moja Kileleshwa. Kampuni ndogo ya vitabu vya shule, katikati ya mji, ilikuwa ikitafuta msaidizi wa picha. Mhariri, mama mwenye sauti ya chini na haraka nyingi, hakuniuliza mengi. Alinipa roli mbili za filamu ya slaidi, ile inayotoa picha yenyewe ya kutazamwa kwa taa badala ya negativu, na kunieleza anachotaka kwa jalada la kitabu cha darasa la pili.

"Usiniletee flamingo," alisema. "Mtoto wa Riruta flamingo atamwonea wapi? Niletee kunguru. Na awe na jicho. Ukiweza huyo, hiyo meza pale ni yako."

Kulikuwa na mwombaji mwingine aliyepewa roli mbili kama mimi. Hilo nalo aliniambia.

Roli ya kwanza niliimaliza siku ya jua kali, Dagoretti Corner, ambako kunguru hukusanyika juu ya mabati ya bucha moja kusubiri vipande vya mafuta. Nilipima mwanga nilivyojifunza katika kitabu cha zamani cha upigaji picha, nilichonunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara. Kanuni yake ilikuwa rahisi: usimpime ndege, atakudanganya. Nyoosha mkono wako kwenye mwanga ule ule unaompiga ndege, upime mgongo wa mkono, kisha ongeza hatua moja, yaani mwanga mara mbili. Nilikuwa nimeifuata kanuni hiyo tangu chuo na picha zangu zote zilitoka studio zikiwa safi.

Mhariri alizipanga slaidi juu ya kioo chenye taa chini yake, akainama na lenzi ndogo jichoni. Hakukawia.

"Huyu ni kunguru ama ni njiwa?"

"Ni kunguru, madam."

"Basi ameanguka kwa gunia la unga." Akasogeza nyingine. "Huyu pia. Walikuwa wanasaga pamoja?"

Nilicheka, kwa kuwa ilionekana ndilo jambo la kufanya. Aliniambia nimebakiwa na roli moja, na kwamba studio inayosafisha slaidi mjini huwasha mashine yake ya slaidi Jumatano tu. Jalada lilikuwa linakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa. Kwa hiyo nilikuwa na mpaka Jumanne.

Nyumbani nilitoa negativu zangu za zamani na kuzishika dhidi ya dirisha la jikoni. Zote zilikuwa nzito, nyeusi, zimekunywa mwanga kupita kiasi. Picha zilizochapwa kutoka kwazo zilikuwa nzuri kwa sababu mashine ya studio ilikuwa ikizirekebisha kimyakimya kila mara, na mimi nikidhani ni ustadi wangu. Slaidi haina wa kuirekebisha. Inatoka ilivyopigwa.

Nikarudi kwenye kitabu. Mkono katika picha ya maelezo ulikuwa wa Mzungu. Kamera haijui rangi ya kitu. Huamini kwamba chochote inachoonyeshwa ni cha kijivu cha wastani, si cheupe wala cheusi. Mkono mweupe kuliko kijivu huifanya ipunguze mwanga, ndiyo maana mwandishi akaagiza kuongeza hatua moja. Mgongo wa mkono wangu ni mweusi kuliko kijivu hicho. Kamera ilikuwa imeshaongeza mwanga kwa ajili yangu, nami nikaongeza tena juu yake. Hakuna aliyenidanganya. Mwandishi alikuwa ameandika kuhusu mkono wake.

Ungedhani ugunduzi huo ungenituliza. Badala yake ulizaa maswali mengine: nipunguze hatua moja au mbili, na nimwamini nani sasa? Nilizitazama tena zile slaidi, moja moja. Mmoja tu kati ya wale kunguru alikuwa ametua kivulini, chini ya ukingo wa paa. Alikuwa amepauka kama wenzake, lakini manyoya ya kifua yalionekana, na ya mgongo pia. Kivulini tofauti ya weusi na weupe ilikuwa imepungua, na filamu ilikuwa imeweza kuvibeba vyote viwili. Hata hivyo jicho lake lilikuwa ukungu. Fokasi ya kamera, inayoamua nini kionekane kwa ukali, ilikuwa imejitafutia yenyewe na kunasa pale weusi unapokutana na weupe kifuani, mahali palipo rahisi kuonekana, ikaliacha jicho nyuma.

Jumatatu jua lilitoka. Nilibaki nyumbani nikichora majedwali ya vipimo vya mwanga. Dada yangu aliporudi kazini alinikuta mezani.

"Umepiga?"

"Bado. Nafikiria."

"Wewe ukiulizwa chai ama kahawa unataka likizo ya kufikiria," alisema akivua viatu. "Huyo mwenzako saa hii ameshapeleka."

Jumanne kulipambazuka Julai yenyewe: mawingu yamefunika kila kitu, baridi, mwanga wa kijivu usio na kivuli. Mwenye bucha aliponiona na kamera alipaza sauti kabla sijavuka barabara.

"Siste, umerudi! Hao kuku wangu wa juu ya bati hutawauza, eh?"

"Ni wa kitabu cha shule," nilisema.

"Kitabu!" Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri nyama alicheka. "Mtoto afungue kitabu aone kunguru? Si atoke tu nje."

"Na leo hakuna jua," mwenye bucha aliendelea, akionyesha juu kwa kisu. "Picha bila jua itatoka kama ya kitambulisho. Ngoja kesho, madam."

Kesho haikuwepo. Na hata ingekuwepo, nilijua sasa kwamba jua ndilo lililokuwa likimchoma kunguru kifua. Niliielekeza lenzi kwenye lami iliyochakaa ya maegesho, kijivu kile kile ambacho kamera hukiamini, nikaijaza fremu yote na kusoma kipimo. Nikapunguza nusu hatua kwa ajili ya weupe. Nikaweka lenzi juu ya mkoba wangu kwenye ukuta mfupi, maana mwanga ulikuwa mdogo na spidi ya kamera ilikuwa ya chini, hivyo mtikiso mdogo ungeharibu picha. Kisha nikazima fokasi ya kujiendesha.

Kunguru mmoja alitua ukingoni mwa bati, karibu. Tamaa ilinijia mara moja: nipige moja hivi, nyingine hatua moja juu, nyingine hatua moja chini, ili mojawapo iwe sawa. Hivyo ndivyo ningefanya siku nyingine yoyote. Lakini kila mara ningegeuza gurudumu la kipimo, ningeondoa jicho kwa ndege, naye kunguru hasubiri. Nusu ya roli ingepotea kwa kujihami. Niliamua kwamba kipimo kilikuwa hicho. Kama nilikuwa nimekosea, roli nzima ingekosea pamoja nami, na meza ile ingekuwa ya mwingine.

Niliondoa kidole kwenye gurudumu. Nikazungusha pete ya fokasi kwa mkono, taratibu, nikapita kifua, nikapita shingo, hadi nukta ndogo ya mwanga, jicho lake, ikaonekana katikati ya weusi wa kichwa. Kunguru akageuka kumtazama mwenye bucha. Nikabonyeza, na nikaendelea kubonyeza kila alipogeuka, bila kugusa kitu kingine, mpaka filamu ikakwama mwishoni na kamera ikaanza kuirudisha yenyewe.