Fundi Waya na masikio ya kuazima

Saa nne asubuhi, Fundi Waya amepiga magoti kwenye sakafu ya jiko la watu. Shavu lake limegusana na friji na mkono mmoja umezama nyuma yake, unapapasa. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, amesimama mlangoni akieleza kwa mara ya pili ugonjwa wa spika zake za sebuleni.

"Zinaimba vizuri tu, fundi. Nikipasha chakula, zinakatika. Nikimaliza, zinarudi. Nimeanza kudhani zinanionea wivu."

Fundi anacheka na kuutoa mkono. Ameshika ruta ya waifai iliyojaa vumbi, ambayo iliteleza ikaangukia nyuma ya friji, jirani kabisa na maikrowevu. Maikrowevu ikiwaka, anasema, inapiga kelele katika njia ileile ya hewani inayopitisha muziki. Anaihamishia ruta kwenye rafu ya sebuleni, anazima kila kitu, anawasha upya. Mwalimu anapasha kikombe cha maji kwa majaribio, na muziki unaendelea bila kukwama.

Jina la Waya amelipata ujanani, alipokuwa akifunga spika kubwa za mikutano na sherehe huku nyaya zimemning'inia shingoni. Siku hizi anahudumia spika za majumbani zisizo na waya, lakini jina limegoma kumtoka.

"Hata hizi zina waya mmoja, wa umeme," anasema. "Nusu ya wanaonipigia simu wamesahau kuuchomeka. Wengine wamebadilisha nywila ya waifai, halafu wanashangaa spika zimewanunia. Kuna baba mmoja spika yake ilikuwa inapiga nyimbo za watoto saa za chakula. Kumbe simu ya jirani imeungana nayo kupitia ukutani."

Kwenye kochi la mwalimu ameketi mwanamke aliyepakata mkoba. Ni mke wa fundi, mshonaji nguo. Hagusi kifaa chochote wala haongei sana, lakini kila nyumba anayoingia mumewe, naye yumo.

"Na wewe mama, unakuja kumlinda?" mwalimu anamtania.

"Nimlinde na nani, na kitambi kile?" anajibu. Wote wanacheka. Jibu hilo amekwisha kulitoa katika sebule nyingi.

Ukweli ni kwamba Fundi Waya anaishiwa masikio. Miaka ya kusimama ubavuni mwa spika kubwa imemtafuna taratibu. Daktari wa masikio amemwambia sauti nyembamba zimeshakwenda, na zile za kati zitafuata. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Vipo vifaa vya kuvaa, lakini bei ya kimoja ni mapato yake ya miezi saba, na masikio ni mawili.

Kwa hiyo anaazima ya mkewe. Wawili hao wana lugha yao. Mama akigusa hereni, sauti kali imezidi. Akigusa mkufu, besi imezidi. Akifumbata mikono juu ya mkoba, kazi imekwisha.

Asubuhi hii lugha hiyo inaponzwa na simu. Mteja wa nguo amempigia mama, naye ametoka uani kuongea. Hapo hapo mwalimu anakunja uso.

"Fundi, mbona kuna kitu kinalia kama mbu?"

Fundi Waya anaziinamia spika. Anaziwekea kiganja, kama afanyavyo siku zote, kwa sababu besi huipata kwa mkono. Mlio wa mbu haushikiki kwa mkono. Anafungua begi, anatoa bisibisi, anairudisha, anatoa nyingine. Jasho linamtoka puani. Mwalimu anasubiri jibu.

Mkewe anarudi, anasimama mlangoni kidogo, kisha anagusa hereni ya kushoto. Fundi anachomoa adapta ya umeme ya spika ya upande huo, chanzo cha kawaida cha mlio wa namna hiyo, na kuweka nyingine kutoka kwenye begi. Mama anafumbata mikono. Mwalimu anashukuru, analipa na kuwasindikiza hadi getini bila kujua lolote.

Wamefika kona ya pili ndipo anapomwambia mkewe, "Usitoke tena."

"Nami nina wateja," mama anajibu.

Aligunduaje kwamba masikio yanamwishia? Hilo anamsimulia mwandishi akiwa nyumbani, viatu kavua, macho yapo kwenye vidole vya miguu. Mwaka jana dada mmoja alimwita afunge spika chumbani kwa mama yake aliyekuwa mgonjwa wa kitandani. Fundi alizifunga, akarekebisha sauti mpaka akaona imekuwa tamu. Kesho yake akapigiwa simu: bibi analia, anasema masikio yanachomwa.

"Nikawaambia spika mpya zinahitaji kuzoewa," anasema. "Niliporudi nikasikiliza, nikaona bado sauti imefifia. Nikaongeza tena ule ukali. Bibi wa watu akajifunika mto usoni. Mtoto wake wa kiume akanigeukia: 'Fundi, wewe husikii?' Aliuliza kwa hasira. Mimi ndiyo kwanza nikajiuliza kweli."

Hakudai malipo. Habari zikasambaa kwamba anaharibu spika, na tangu hapo mambo yamekwenda mrama. Zamani alizunguka nyumba nne kwa siku. Sasa akipata moja anashukuru, na zipo siku simu hailii kabisa, au inalia asiisikie.

Cherehani ya mkewe iko pembeni ya dirisha, imefunikwa shuka. Vitambaa vya watu vimerundikana juu ya kiti.

"Namhurumia sana," mama anasema, mumewe akiwa bafuni. "Na kuna siku namchukia, nisikufiche. Narudi nimechoka kwa kazi ya kukaa. Wateja wangu wanahamia kwingine. Lakini nikimwacha aende peke yake ataumbuka, na akiumbuka atakufa kwa aibu kabla ya siku zake."

Fundi anaporudi anataka kuonyesha kitu. Kwenye simu yake ana sauti aliyoirekodi mwaka waliooana. Ni mkewe, mbichi kabisa, anamgombeza: "Hizi bisibisi zako kitandani zinatafuta nini? Zinalala na nani?" Halafu anashindwa kujizuia, anaangua kicheko. Tangu siku hiyo fundi hajajaribu spika yoyote kwa wimbo. Anatumia ugomvi huo. Sebule nyingi za mji huu zimemsikia mama akifoka.

"Nilikuwa najua kila pumzi humo," anasema. "Sasa maneno yananifikia yamevunjika, na kile kicheko mwishoni kinapanda juu, kinapotea. Naona tu mshale wa sauti unacheza kwenye kioo cha simu. Najua anacheka kwa sababu nakumbuka."

Anafuta macho kwa mgongo wa mkono, wala hajifichi.

Ameulizwa kama haogopi wateja kusoma habari hizi. Anaogopa. "Lakini nimechoka kuigiza, na huyu amechoka zaidi. Nitabaki na kazi za waifai, za kuunganisha na kuhamisha vifaa. Hizo hazihitaji masikio. Sauti watamwita fundi mwingine. Mama arudi kwenye cherehani yake."

Mpango wake mwingine ni wa humu ndani. Kila jioni, kabla ya chakula, anaketi na spika ndogo mapajani, macho kayafumba, viganja viwili vimeikumbatia. Mkewe anakuwa jikoni na simu, anaongea chochote, na sauti inafika kwenye spika. Fundi anajifunza kuishika. Anasema hasira ya mama inagonga katikati ya kiganja, na uchovu hauna mgongo, unalegea.

"Na kicheko?"

"Bado sijakipata," anasema. "Hicho ndicho ninachokitafuta. Siku masikio yakinitupa mkono kabisa, nataka nibaki nacho."

Jua linashuka nyuma ya majengo. Mama anaita kutoka jikoni, kwa mdomo mtupu, kwamba chakula kiko tayari. Fundi amekaa vilevile, spika mapajani. Anaita tena. Anachungulia mlangoni, anamtazama mumewe aliyefumba macho, kisha anaichukua simu na kuisogeza mdomoni.

"Hizi bisibisi zako kitandani," anaanza, kwa sauti ya sasa, nzito na iliyochoka, "zinatafuta nini?"

Fundi anainua kichwa. Mama anajaribu kuendelea, anashindwa, anaangua kicheko. Mumewe anavisogeza vidole kwenye ukingo wa spika, anavitua, anavisogeza tena, anatafuta.