Sufuria ya Wifi Mwamini Inavyoliwa na Ukwaju

Wifi yangu Mwamini, dada wa marehemu mume wangu, atanitoa roho kabla ya siku zangu. Hapa Dutumi hakuna anayemfikia kwa mchuzi wa ukwaju. Akiuinjika, hata maiti anageuza shingo. Lakini hiyo sufuria yake! Aliinunua Mlandizi kwa fundi Maneno, yule anayeyeyusha alumini ya mabaki ya injini na kuimimina kwenye mchanga. Wifi huisugua kwa majivu na mchanga wa mto mpaka kuku wa jirani wanakuja kujitazama. Kwake yeye, mwanamke ambaye sufuria yake haing'ai ndani na nje hakufundwa.

Nimesema mpaka koo limekauka: ule weusi wa ndani uache, ndiyo nguo ya sufuria. Ukiuvua, ukwaju unakula mwili wenyewe. Hasikii. Tena mchuzi anaulaza humo humo, eti ukolee. Asubuhi sufuria ina vishimo kama uso wa aliyeugua ndui, na mchuzi una rangi ya maji ya kufulia.

Kwenye maulidi uliliwa hivyo hivyo, watu wanatafuna huku wanatazamana. Ndipo Zubeda, anayemwoza binti yake Sada, akaleta ujumbe kwamba harusini Mwamini atamenya vitunguu. Mwiko atashika mwingine. Wifi akajifunika shuka kutwa nzima, hali, hanywi. Mwiko wa shughuli amekuwa nao tangu ujana.

Nikaenda kumbembeleza Zubeda. Akakubali, ila mchuzi upikwe kwenye chungu. Kumpelekea wifi habari hiyo, afadhali ningemtukana.

"Chungu, wifi? Cheusi vile, mbele ya wakwe? Watasema nimetoka porini."

"Umetoka Dutumi, wifi. Pika, au kamenye vitunguu."

Akapika, mdomo ameuvuta mpaka Kisarawe. Mchuzi ukatoka na rangi yake, wakwe wakarudisha bakuli wakitaka tena. Zubeda akaja jikoni mwenyewe, akamwambia kwamba hata harusi ya mdogo wake Sada mwiko ni wake, na chungu kiwe hichohicho.

Mwamini akajifuta jasho kwa pindo la kanga.

"Nimekubali, da Zubeda. Ila chungu kibaki huku jikoni. Kwa wageni mchuzi uende ndani ya sufuria yangu, waione inavyong'aa."

Nikatafuta kigoda nikakaa.